Wadaiwa Ndani ya Mto wa Sufi

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye mwenye bahati kuliko watu wote wa mtaa huu. Naandika bila aibu. Wenzangu wanaamka alfajiri kuikimbilia riziki. Riziki yangu inanifuata yenyewe dukani, inavua viatu, inajilaza kwenye godoro, inasema aah, halafu inaondoka na godoro!

Leo nimefunga hesabu. Daftari linasema nina 416,500. Laki nne na ushee! Mimi niliyeacha shule kabla mwalimu hajamaliza kueleza hesabu za sehemu!

Kopo la fedha lina 6,500 na kifungo cha shati. Tofauti ndogo tu. Iliyobaki iko kwa watu, inatembea, inapunga hewa. Kinyozi ana elfu thelathini yangu. Mwalimu ana hamsini. Fundi Saa ana arobaini na tano, na yeye hana haraka. Na wengine, na wengine. Kila mmoja ana kikaratasi chake kwenye msumari ukutani, jina na kiasi. Daftarini naandika kiasi peke yake. Shangazi aliponipa mtaji alinichorea safu mbili kwa rula: Fedha Mkononi, na Tunadai. Nikaziunganisha kuokoa wino. Mtu akishabeba godoro, si kanunua? Na akinunua, si nimepata?

Mchana ukaja ujumbe wa huyo huyo Shangazi. Jumamosi saa tisa alasiri anakuja kulinganisha daftari na kopo. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na alikuwa keshia miaka thelathini. Siku moja alisimamisha foleni nzima kwa sababu ya sarafu moja iliyoanguka. Ilipatikana. Anasema daftari na kopo visipolingana, cherehani aliyoninunulia inapanda mkokoteni jioni hiyo hiyo. Cherehani ndiyo duka. Bila cherehani mimi ni mtu mwenye magunia ya sufi.

Mama Uzi, fundi wangu wa foronya, alikuwa anasikiliza huku mguu uko kwenye pedali. Akauliza, basi na mshahara wake wa miezi miwili, elfu sitini, nao uko kwa watu unapunga hewa? Nikamfungulia daftari ajionee utajiri. Akalitazama vizuri. Akasema mwenye nyumba wake hapokei mwandiko.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kukusanya madeni. Nimevaa shati la kola. Uso nimeukunja kuanzia mlangoni, maana mdaiwa humtazama mtu usoni kwanza.

Kwanza kwa Kinyozi. Akanipokea kama bwana harusi. Kaka kaa, kaka utachoka, kaka hizo nywele vipi? Kabla sijataja deni nimeshafungwa shuka shingoni. Mikono yake laini, mkasi unaimba, jua linapita kwenye pazia la shanga na kunimwagikia magotini vipande vipande. Nilisinzia. Nilipoamka nina kichwa kipya. Akasema atakata 1,500 ya nywele kwenye deni. Nikashtuka. Akate? Daftari lishuke siku nne kabla ya Shangazi? Nikakataa katakata. Nikamwambia deni lake libaki zima, hizo za nywele nitamlipa mwenyewe. Kwa hiyo sasa naye ananidai.

Halafu kwa Mwalimu. Huyu kajifungua mapacha, mmoja kulia, mmoja kushoto, na yeye katikati ananiuliza habari za nyumbani kwa sauti ya mtu ambaye hajalala tangu mwezi uliopita. Shingo imempinda. Kisa? Anaegemea nguo zilizokunjwa. Uso wangu ukakunjuka wenyewe. Nikarudi dukani mbio, nikamletea mto. Elfu nane, atalipa akipata.

Kwa Fundi Saa sikupita.

Hesabu ya jioni: nimetoka kukusanya, na daftari limepanda kwa 8,000! Sasa 424,500. Nionyesheni mfanyabiashara mwingine wa namna hiyo.

Bwana Risiti, jirani wa ng'ambo anayeuza vitanda, aliniona nikipita na kichwa changu kipya. Huyu mtu anaandika risiti hata ya kiberiti. Mke wake akimpa chai nadhani anasaini. Akaniuliza leo nimekusanya ngapi. Nikamwambia hesabu za watu wakubwa haziulizwi barabarani. Akasema basi ni sifuri.

Roho mbaya tu. Ana vitanda vigumu.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki.

Shangazi akiingia na kuona ukuta umejaa vikaratasi, atajua hakuna aliyelipa. Lazima vikaratasi vipotee. Droo? Atafungua. Chini ya godoro? Atainua. Ndani ya mto! Nani anapasua mto? Nikachukua mto mmoja wa sufi kati ya kumi na miwili iliyo rafuni, nikaingiza wadaiwa wangu wote kupitia pembe moja, nikaacha upenyo mdogo niumalizie kushona baadaye. Ukawa mweupe na mnono kama ndugu zake. Ukiubonyeza unanong'ona kidogo.

Mama Uzi alikuwa kaenda kubembeleza mwenye nyumba. Duka tulivu. Saa saba mchana, joto, plastiki za magodoro zinang'aa kama maji, chembe za sufi zinaelea kwenye mwale wa jua hazijui zishuke wapi. Nikajilaza kwenye godoro la maonyesho, kichwa juu ya madeni yangu. Ili kuujaribu tu.

Ndoto niliyoota! Wadaiwa wote wanakuja kwa mstari mrefu, kila mtu na godoro lake kichwani, na magodoro hayana uzito, yanawanyanyua, nyayo zao haziguswi na vumbi. Wananilipa sarafu laini kama pamba. Naziminya, zinarudia umbo lake. Kinyozi analipa na kulia. Wa mwisho ni Fundi Saa, ana saa kumi mkononi na zote zimesimama. Ananiambia, bwana mdogo, nitakulipa Ijumaa. Namwambia mzee wangu, usijali.

Katikati ya hapo nikasikia mteja. Sauti nzuri, ya chini, kama redio iliyofunikwa blanketi. Anataka mto. Nikainuka nusu. Nilisema elfu nane. Nadhani alitia mkono mfukoni. Nikamwambia asijisumbue, alipe siku nyingine, maana kopo lilikuwa mbali, hatua sita nzima, na Fundi Saa alikuwa bado ananisubiri. Lakini mimi ni mtu wa kazi! Hata usingizini nikaandika kikaratasi, jina lake na kiasi, nikakitumbukiza panapokaa vikaratasi. Nikamkabidhi mto uliokuwa karibu, nikarudi kulala. Nilipoamka Fundi Saa kashaondoka.

Daftari: 432,500.

Alhamisi, 6 Machi

Haupo!

Ule mto haupo. Nimehesabu rafuni, kumi na moja. Nikahesabu kuanzia mwisho, kumi na moja. Nikaketi chini. Polepole nikaelewa mto uliokuwa karibu ulikuwa upi. Nilimuuzia mtu wadaiwa wangu wote! Kwa mkopo! Na jina la aliyewachukua liko kwenye kikaratasi, na kikaratasi kiko ndani ya mto!

Nikajipa moyo kwamba labda nimekosea. Nikachukua mkasi. Nikapasua wa kwanza, sufi. Wa pili, sufi. Nilipofika wa saba feni ikaamua kushiriki. Duka likajaa mawingu. Sufi ikatoka mlangoni taratibu, bila fujo, ikavuka barabara kama inajua inakokwenda, ikatua kwenye vitanda vya Bwana Risiti, kitanda baada ya kitanda, mpaka vikapendeza kwa mara ya kwanza. Watu walisimama kutazama. Hata mimi nilisahau kulia.

Bwana Risiti akavuka na risiti. Gharama za usafi, 2,000. Nikamwambia alipaswa kunilipa yeye kwa kumpambia duka.

Mama Uzi alirudi akakuta bosi wake mweupe kama mzuka. Akapiga chafya tisa. Hakucheka. Mwenye nyumba kambandikia kufuli mlangoni, vyombo vyake vimo ndani, yeye na binti yake wamelala kwa dada yake, watu watano chumba kimoja. Alisema haya huku akikusanya sufi kwa ufagio, taratibu, kama anamwambia mtu mwingine. Asipolipwa Jumamosi, hana budi kutafuta kazi kwingine.

Nikafungua kopo nikampa elfu nne. Zimebaki 2,500. Daftarini sikugusa. Daftari ni la kuandika nilichopata, siyo nilichotoa. Mtu haandiki machozi yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu kuwaandika wadaiwa upya kwa kichwa. Nimewakumbuka tisa. Watatu kati yao, kumbe mimi ndiye ninayedaiwa nao.

Na siri imetoka! Sufi yote ile barabarani, watu wakauliza, Bwana Risiti akajibu. Mtaa mzima unajua kwamba vikaratasi vimepotea. Sijawahi kupendwa hivi. Watu wananipungia mkono kutoka ghorofani. Wananiita mkuu. Kinyozi kavuka barabara kunipa pole, akanishika bega, akasema anavyokumbuka yeye hatudaiani kitu, isipokuwa zile 1,500 za nywele.

Saa nne Mwalimu akaja, pacha mmoja mgongoni, mwingine mbele. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaomba kalamu. Akaandika mwenyewe: nadaiwa 58,000. Akakunja akanipa, akasema shingo imepona. Nilitazama mawingu muda mrefu baada ya hapo.

Lakini Shangazi ni kesho! Wazo jipya likaja. Daftari linasema 432,500. Kopo lina 2,500. Nikipata 430,000 ya kukaa koponi saa moja tu, vitalingana. Nani ana fedha taslimu mtaa huu? Anayeuza kwa risiti. Nilivuka barabara. Kila hatua ilinichoma.

Bwana Risiti hakucheka, na hiyo iliniumiza zaidi. Akasema atanipa, saa nane na nusu mpaka saa kumi, bila riba, ila anataka dhamana. Nikamuuliza dhamana gani baina ya majirani. Akaelekeza kalamu ng'ambo, kwenye cherehani.

Nikasaini. Nakala tatu!

Kwa hiyo nimeweka rehani cherehani ya Shangazi ili Shangazi asiichukue cherehani. Ukilifikiria haraka linaleta maana kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika usiku, wote wameshaondoka.

Saa nane na nusu, fedha zikaingia koponi. Kopo likakataa kufungika! Kifungo nikakitupa nje. Saa tisa kamili, Shangazi. Nikampa shikamoo ya kupiga goti. Akaitikia huku akipangusa kiti. Akavaa miwani, akalowesha kidole, akahesabu. Noti zilikuwa zinapita kwenye vidole vyake kwa mlio wa mvua ya mbali. Mama Uzi aliacha kushona. 432,500. Daftari, 432,500.

Akavua miwani. Akauliza, kwa hiyo wote wamelipa? Nikasema wote, Shangazi. Kinyozi? Kalipa. Mwalimu? Kalipa. Akauliza, na Fundi Saa? Nikasema huyo ndiye aliyenifurahisha kuliko wote, alikuja mwenyewe jana, Ijumaa, akalipa yote.

Shangazi akalifunga daftari. Akasema vizuri sana mwanangu. Basi kama mambo ni mazuri hivyo, arudishiwe mtaji wake. Akahesabu 430,000, akazitia kwenye mkoba mweusi, akafunga zipu.

Zipu ile! Bado naisikia.

Nikaleta chai. Nikaleta maji. Nikaleta habari za jamaa wote walio hai. Saa kumi kamili kivuli kikaingia, na nyuma yake Bwana Risiti, karatasi mkononi. Akamsalimia Shangazi kwa adabu. Akasema amekuja kuchukua fedha yake au cherehani, chochote kitakachokuwa tayari.

Shangazi akaiomba ile karatasi. Akaisoma juu mpaka chini. Akasema miaka mingi hajaona risiti iliyoandikwa vizuri namna hii. Bwana Risiti akaona haya! Yule! Shangazi akafungua zipu, akamrudishia 430,000, akataka risiti ya kurudishiwa. Jirani akaandika. Wakatazamana kama watu waliosoma darasa moja. Roho iliniuma kuliko hasara yoyote.

Halafu akamwita mkwe wake aliyekuwa akisubiri nje, alete mfuko. Mkwe akaingia akaniuliza habari za kazi. Sauti ya chini. Redio iliyofunikwa blanketi!

Ndani ya mfuko, mto wangu.

Shangazi akasema Jumatano alimtuma mkwe wake aje kununua mto, na alimpa elfu nane mkononi. Mkwe akarudi na mto na elfu nane. Alikuta muuzaji amelala, muuzaji akakataa fedha. Shangazi akaulalia mto ule, ukamnong'oneza sikioni, akaupasua. Tangu Alhamisi anajua kila kitu. Kaja kuona tu kama nitasema mwenyewe.

Nikammiminia chai bila kuombwa. Mimi! Mama Uzi anaweza kushuhudia.

Vikaratasi vimepigwa pasi! Vimefungwa mafungu matatu kwa uzi. Akasema la kwanza ni la watakaolipa wakiendewa kwa adabu. La pili ni la watakaolipa wakiendewa na mtu asiyekubali kunyolewa. La tatu wamehama au wamepotea, hao niwafute. Jumla ni 426,000. Nikiongeza 2,500 za kopo, 428,500. Daftari linasema 432,500. Iko wapi elfu nne?

Ndilo swali pekee lililomkera! Nikasema nilimpa Mama Uzi kwa sababu ya kufuli. Shangazi akamgeukia Mama Uzi. Mama Uzi akaitikia kwa kichwa. Shangazi akasema basi hiyo ndiyo fedha pekee niliyoitumia kwa akili mwaka huu, na nimeshindwa hata kuiandika.

Kisha akachomoa kikaratasi kimoja kutoka fungu la tatu. Fundi Saa. Akaniuliza taratibu kama nimesahau kwamba alifariki mwaka juzi, na kwamba nililibeba jeneza mwenyewe, upande wa kushoto, mbele.

Sijasahau. Nilikuwa mkono wa kushoto, mbele, na bega liliuma wiki nzima. Nikamwambia Shangazi kwamba godoro lile alilifurahia sana, alisema mgongo wake umerudi ujana. Nikimfuta daftarini ndiyo kaondoka kabisa. Akiwa bado ninamdai, ni kama ana siku moja atapita hapa mlangoni.

Shangazi aliifuta miwani. Hata Bwana Risiti alishusha kalamu.

Hukumu: mkokoteni hauji. Lakini cherehani si yangu tena. Ni ya Mama Uzi mpaka mshahara wake uishe kulipwa, nalo kopo pamoja na mafungu mawili ya kwanza yanakaa kwake. Shangazi akachora daftari jipya, safu mbili, akabonyeza rula mpaka karatasi ikatoboka. Kikaratasi cha Fundi Saa akaniachia nikichane mwenyewe.

Mama Uzi akatoka hapo hapo na fungu la kwanza. Alirudi jua halijazama na 31,000. Mwalimu katoa ya kwanza, na hata Kinyozi, ambaye yumo fungu la pili, alikutana naye njiani akatoa tano bila kuombwa mara mbili. Mama Uzi alikuwa na kichwa kile kile alichoondoka nacho. Akapitia kwa mwenye nyumba. Kufuli limefunguliwa.

Jumapili, 9 Machi

Utulivu. Duka limefungwa, mimi nimo ndani kwenye godoro la maonyesho. Cherehani imelala chini ya shuka ya Mama Uzi, na kamba ya ufunguo wake iko shingoni kwake, mbali. Bado namdai... hapana, bado ananidai 25,000. Lazima nizoee.

Kitu kitamu kimetokea asubuhi. Bwana Risiti kagonga. Anataka mto! Mmoja ambao Mama Uzi aliushona upya. Ana noti mkononi, elfu nane kamili, na kitabu cha risiti kwapani kama kawaida. Akaninyooshea fedha. Nikaitazama. Nikamtazama yeye, mtu ambaye hajawahi kudaiwa na binadamu yeyote. Nikasema aaa, jirani, weka mfukoni, utalipa mwisho wa mwezi! Akakataa. Nikasisitiza. Nikamsukumia mto kifuani nikafunga mlango. Kupitia tundu nilimwona amesimama barabarani, mto mkono mmoja, noti mkono wa pili, hajui aandike nini. Ninamdai Bwana Risiti! Nimeshinda!

Nikafungua daftari jipya. Safu ya Fedha Mkononi ilikuwa tupu, inatia huruma. Nikaandika 8,000 za Bwana Risiti. Kikaratasi cha Fundi Saa sikukichana. Nimekitia kwenye mto huu ninaolalia, na 45,000 zake nimeziandika juu, penye nafasi nzuri. Jumla 53,000. Kopo liko kwa Mama Uzi. Kifungo nimekiokota.

Chembe moja ya sufi imebaki tangu Alhamisi. Inaelea kwenye mwale wa dirishani, haishuki, haipandi. Macho yanakuwa mazito. Huenda mzee akapita tena na saa zake.

Kabla sijalala, niseme ukweli, maana ni Jumapili. Niliyoandika Jumatatu ni uongo. Mimi si mwenye bahati kuliko watu wote wa mtaa huu. Bahati sina, na sijawahi kuwa nayo hata siku moja. Naidai tu.